Neema mwanangu, kazi ndiyo yenye bei

Mwanangu Neema,

Marahaba. Hapa Chang'ombe, Dodoma, tu wazima, isipokuwa goti la baba yako, na hilo unalijua.

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na baba yako asome. Unauliza kama ukiwaomba hao watu waliokupa kazi wakupandishie mshahara kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000 watakuona una tamaa na kazi wampe mwingine. Nitafika huko. Ila mimi nimekwama pale juu, kwenye maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: kwamba yule afisa utumishi wao alikuambia, "Lakini wewe kwenu si hapohapo Dodoma? Kodi ya nyumba hulipi." Na wewe ukacheka.

Ulicheka nini?

Kwanza, hicho chumba anachokupangia yeye kimejaa magunia ya alizeti ya mjomba wako, na sioni dalili ya kuyauza karibuni. Pili, hata kingekuwa kitupu, kinamhusu nini? Atakayetoka Mwanza kuja kufanya kazi hiyohiyo atalipwa zaidi kwa sababu hana mama Dodoma? Kazi ndiyo yenye bei, Neema. Mtu hana bei. Najua umenisikia nikisema hivyo tangu utoto mpaka umechoka. Choka tu, nitasema tena.

Mwaka 2005, wewe ukiwa darasa la kwanza, nilikwenda kuomba kazi kwa yule tajiri wa nafaka aliyekuwa na ghala njia ya Morogoro. Simtaji jina, wanawe bado wapo mjini. Alitaka mtu wa kumshikia vitabu: magunia yanayoingia kutoka Kibaigwa, yanayotoka kwenda Dar, nani kalipwa, nani anadai. Mtangulizi wangu alikuwa mwanaume, na mshahara wake niliujua kwa sababu mkewe tulikuwa tunaimba naye kwaya. Tajiri akanitajia pungufu ya ule. Nikamuuliza, kwa heshima kabisa, mbona mwenzangu alikuwa anapata zaidi? Akaegemea kiti, akasema, "Mama Neema, mume wako si yuko reli? Mishahara miwili nyumba moja, mnataka nini tena?"

Nakuandikia hapa na uso bado unanipata moto. Pale ofisini kulikuwa na dalali mmoja na kijana wa kupima uzito, wote wakacheka. Nikamwambia: "Mzee, ukienda Kibaigwa kununua mahindi, huwa unamuuliza mkulima kama mkewe ana kazi?"

Dalali ndiye aliyecheka zaidi safari hii.

Hadithi hiyo baba yako huwa anaisimulia kwenye misiba na harusi, na anaishia hapo, kama kwamba nilishinda. Haishii hapo. Yule mzee alikuwa mjanja. Akasema sawa, nakuongeza, lakini ile nyongeza akaiandika kama posho ya nauli. Mshahara wa msingi ukabaki ulewule alioutaja mwanzo. Kila mwezi hela mkononi ilikuwa nzuri, sina ugomvi nayo. Alipokuja kufunga ghala na kutupunguza, ndipo hesabu ikafunguka: sheria inampa mfanyakazi aliyepunguzwa kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10, na siku hizo zinahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Nauli haimo. Hata muda wa ziada ulikuwa unapigwa kwa msingi. Yule mtangulizi wangu angeondoka na zaidi yangu kwa magunia yaleyale.

Sasa ungetegemea niseme: waambie waongeze kwenye msingi, basi. Ndivyo nilivyotaka kuandika. Kisha jana usiku nikachukua kalamu nikapiga hesabu yako, na hesabu imenivuruga.

Ile 1,200,000, kama yote ni msingi: NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 10, laki na 20. Kodi ya mapato kwa viwango vya sasa, 152,000. Bodi ya Mikopo, lile deni lako la chuo, asilimia 15 ya msingi, 180,000. Mkononi unabaki na 748,000. Wakikupa 1,500,000 yote ikiwa msingi, unabaki na 892,000. Umepigania laki 3, umepata 144,000. Lakini laki 3 hiyo ikiandikwa posho, kodi na NSSF zinaikata vilevile, ila Bodi haiigusi, kwa hiyo unabaki na 45,000 zaidi kila mwezi. Na tangu Serikali ihamie huku, mtu anayetafuta chumba Kisasa au Ilazo haidharau 45,000.

Halafu najijibu: deni la Bodi ni lako, usipolipa leo utalipa kesho. Halafu najijibu tena: kiinua mgongo ni cha siku usiyoijua, kodi ya nyumba ni ya mwezi huu. Unaona? Baba yako amenikuta saa tano usiku naongea na karatasi, akaenda kulala.

Kuhusu tamaa. Ingekuwa kazi ya serikali, ngazi ya mshahara imeshaandikwa, hakuna cha kuuliza. Hawa ni watu binafsi, na wameshakuandikia barua. Mtu akifika kuandika barua ameshachoka kuhoji watu. Sijawahi kuona barua ikifutwa kwa sababu mtu ameuliza kwa adabu, ingawa ni kweli sijaona ofisi nyingi. Baba yako anasema chukua hiyohiyo, kazi hazipatikani, shukuru Mungu. Nami namshukuru Mungu, lakini Mungu hakutaja 1,200,000.

Kiasi gani uombe, na kiandikwe wapi, sitakuambia. Wewe ndiye utakayeamka asubuhi kwenda huko. Ningekuwa mimi... hapana, nimesema sitakuambia. Ila yule afisa akirudia habari ya kwenu Dodoma, usicheke. Muulize kazi hiyo wameitengea kiasi gani, kisha nyamaza mpaka ajibu. Na wakikataa kabisa kupandisha, uliza kama wao wanaweza kubeba sehemu kubwa zaidi ya ile asilimia 20 ya NSSF, yaani 10 yako na 10 yao, maana sheria inakataza kukukata wewe zaidi ya nusu, haiwakatazi wao kulipa zaidi ya nusu.

Mkataba ukifika, upige picha kurasa zote unitumie kabla hujasaini. Zote, si ule wenye mshahara tu. Mjomba wako nimempa hadi mwisho wa mwezi aondoe alizeti zake, na ukija kukaa, ya umeme utachangia.

Mama yako