Pedi mpya za breki za diski za baiskeli zinalia na kugusa diski
Ndugu yangu, kama pedi mpya zinalia ukishuka mteremko wa feri pale Likoni, anza na kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski. Legeza boliti zake mbili kwa spana ya L namba 5, minya breki na uishikilie, kisha kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo. Zungusha gurudumu, mwanga uonekane kati ya diski na pedi, pande zote mbili.

Kwa mchanga na mvua ya Mombasa, pedi za chuma hudumu kuliko za resini, ingawa zina kelele. Lakini soma diski kwanza: ikiandikwa ni ya resini tu, za chuma zitaila. Na tafadhali, usiguse diski wala pedi kwa vidole vyenye oili! Pedi ikishanyonya mafuta, badilisha.