Presha ya mkono ni nzuri, ya mapafu iko juu: mama ameze dawa gani?

SWALI: Habari daktari. Mamangu ana miaka 63, anaishi Kayole. Aliwahi kuugua TB akapona, na amepikia makaa maisha yake yote. Mwaka jana aliambiwa ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Juzi alifanyiwa eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) na ripoti ikasema ana presha ya mapafu, 48. Ajabu ni kwamba mkononi ni 118/76. Je, ameze amlodipini, tembe za presha za baba? Mjomba naye anasema tembe za wanaume, sildenafili, hushusha presha hiyo, na kwamba tumhamishie Mombasa. Tufanyeje?

JIBU: Amlodipini aachiwe baba. Presha ya mkononi ni ya damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo kwenda mwili mzima. Ya mapafu ni kazi ya upande wa kulia, wenye kuta nyembamba, uliozoea mteremko. Ni pampu mbili tofauti, kwa hiyo usilinganishe 48 na 118. Tena 48 hiyo ni makadirio ya kilele cha mpigo. Tunaposema presha ya mapafu iko juu, tunamaanisha wastani unaozidi 20, na wastani huo hupimwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, shingoni au kwenye kinena, hadi moyoni. Si kila mgonjwa anauhitaji, lakini ujue kwamba kwa mtu wa COPD eko inaweza kukosea pakubwa.

Imepandaje? Chukulia damu ni matatu na oksijeni ni abiria. Sehemu ya pafu isiyopata hewa hubana mishipa yake, ili matatu zisipite steji tupu, ziende kwenye watu. Mtu akiwa na nimonia ya upande mmoja, ujanja huo humsaidia sana. Lakini moshi na TB zikishaharibu steji nyingi, barabara zinabanwa kila upande, na nyingine zimebomoka kabisa. Msongamano unarudi hadi moyo wa kulia. Ukichoka, miguu inavimba.

Sasa tembe za mjomba zinafungua barabara zote, hata za steji tupu. Damu inapita bila kubeba kitu, na mama anaweza kuhema zaidi huku namba ya presha ikipendeza. Sisemi haya kwa nadharia tu. Riosiguati, dawa nyingine ya kulegeza mishipa hiyo, ilipojaribiwa kwa wenye makovu ya mapafu, jaribio lilisimamishwa kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi. Treprostinili ya kuvuta ilikubaliwa Marekani mwaka 2021 kwa wenye makovu, ila kwa watu wa COPD jaribio lake lilikatizwa kwa sababu ya madhara. Wapo wachache ambao presha yao ni kali mno, na hao huamuliwa na bingwa baada ya ule mrija, si na duka la dawa.

Mimi ningeanza na oksijeni, na si akiwa ameketi tu. Nilikuwa na mama mmoja kliniki, kipimo cha oksijeni kidoleni kikisoma asilimia 91, anacheka. Nikamwomba tutembee hadi mwisho wa korido. Kufika dirishani ni 82, naye anajifanya anatazama magari nje ili apate kupumua.

Akiwa ametulia na kidoleni bado ni 88 au chini, na kipimo cha damu ya ateri kikithibitisha, anahitaji oksijeni nyumbani, angalau saa 15 kwa siku, usingizi ukiwemo. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981, waliopata saa hizo 15 walifariki 19 kati ya 42 ndani ya miaka 5. Waliokosa, 30 kati ya 45. Kwa wagonjwa kama mama yako, sijui tembe yenye rekodi kama hiyo. Asijiongezee kipimo cha mashine ya oksijeni, kwa maana oksijeni ikizidi, hewa chafu (kaboni dayoksaidi) hurundikana mwilini. Jiko likae mbali na mashine, na muwe na mtungi wa akiba, maana stima za Kayole mnazijua.

Mpeleke pia achunguzwe damu iliyoganda mapafuni na upande wa kushoto wa moyo. Kama anakoroma na kukatika pumzi usiku, lisemeni.

Kuhusu Mombasa, mjomba hajakosea kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa oksijeni tunayovuta hapa ni kama milimita 120 za zebaki, pwani ni kama 150. Namba ya kidoleni inaweza kupanda. Mishipa iliyobomoka haitarudi, na akihama awe na kliniki huko. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni safari za kupanda: kama mna shamba Kinangop, asiende Krismasi kabla hajapimwa, na akiwa tayari anatumia oksijeni, mashine iende naye.