Je, nimsaidie shemeji aliyekula mirathi ya wanangu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mume wangu alipofariki, ndugu yake alichukua duka akatuacha mimi na yatima watatu mikono mitupu. Niliapa, wallahi sitamsaidia kwa lolote. Sasa anaumwa sana, hana hata nauli ya hospitali, na wanawe wamekuja kwangu. Ustadh mmoja mtaani kaniambia nisijisumbue: mwanaadamu kaumbwa mchoyo, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake, basi kumsaidia adui hatutarajiwi. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Allah amrehemu mumeo. Mlichofanyiwa ni dhulma, na anayekula mali ya yatima ameahidiwa moto katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Mtu asikwambie kuwa uchungu ulio nao ni upungufu wa imani.

Ila hoja ya huyo ustadh imenikera, maana siku hizi inazagaa. Kweli, Suratul Maarij inasema mwanaadamu ameumbwa mwingi wa pupa, ikimgusa shari hupapatika, ikimgusa kheri huizuia. Angesoma aya inayofuata tu: "Isipokuwa wanaosali." Kama maumbile ni udhuru, nani angetoa zaka? Nani angeacha usingizi akaamka Alfajiri? Asiye na shilingi hakalifishwi kutoa shilingi. Aliye nayo na moyo unamuuma kuitoa, huyo uwezo anao. Tena kwa hoja hiyohiyo shemeji yako naye kafuata maumbile yake, hana lawama! Ustadh kataka kukutetea, kaishia kumsafisha aliyekudhulumu.

Mtazame Sayyidna Abubakar. Alikuwa akimlisha jamaa yake maskini, Mistah bin Uthatha. Mistah akawa miongoni mwa walioeneza uzushi juu ya Bibi Aisha, binti wa Abubakar mwenyewe. Abubakar akaapa kuwa hatampa tena kitu. Ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur: wenye fadhila na wasaa wasiape kuwanyima jamaa zao, "Je, hampendi Allah akusameheni?" Abubakar akasema naam, napenda, akamrudishia matumizi yake. Hakuna aliyemwambia kuwa hakuumia.

Hukmu yenyewe si ndefu. Ikiwa maisha yake yamo hatarini, wewe unayo ziada, na hakuna mwengine wa kumwahi, ni wajibu kumwokoa. Wakiwepo wengine wanaoweza, kwako ni fadhila, na ukikaa kando huna dhambi. Kiapo kisikuzuie. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa aliyeapa kisha akaona lililo bora, alifanye hilo na atoe kafara: kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3.

Lakini utoe chako tu. Fungu la yatima usiliguse hata kwa senti, wala huna mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yao. Nakuhimiza hapa kwa sababu najua wazee wa ukoo watakuja na maneno ya "mgonjwa asamehewe" na karatasi ya kutia saini. Usitie. Nauli mpe mtu aipeleke. Hulazimiki kukaa naye wodini. Na dai la duka lifikishe kwa Kadhi sasa hivi, pamoja na mashahidi, angali hai: akifa, haki ya wanao ni deni, hutolewa katika mali yake kabla warithi wake hawajagawana.

Wallahu aalam.