Mtoto wa Mbeya apende timu ya Mbeya

Kaka, umeuliza ufanye nini ili kijana wako wa miaka 8 aipende Mbeya City, maana darasani wenzake wote ni Simba au Yanga.

Kosa kubwa ni kumpeleka uwanja wa Sokoine kwa mara ya kwanza siku Simba au Yanga wamekuja. Jukwaa linajaa jezi za wageni, na mtoto hufuata kelele zilipo. Anza na mechi ndogo. Fikeni saa nzima kabla ili awaone wachezaji wakipasha misuli, akae karibu na uzio asikie kipa akiwapangia mabeki. Sauti hiyo haipo kwenye televisheni, na ndiyo inayomnasa.

Kaeni sehemu ileile kila mara. Baada ya mechi tatu au nne majirani wa jukwaani watamjua kwa jina, naye ataanza kuwaulizia. Ushabiki unashikwa na watu kuliko mabao. Jezi ya zambarau mnunulie kubwa kidogo, ipite juu ya sweta. Baridi yetu unaijua.

Msimulie msimu wa 2013/14: timu imepanda daraja tu, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Msimulie na kushuka pia, usimfiche.

Wakifungwa, msiondoke dakika ya 80. Bakini hadi filimbi, muwapigie makofi, kisha njiani mwache aongee yeye. Ukiwatukana wachezaji mbele yake, Jumatatu atahamia kwa wenzake.