Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Vijijini Uingereza

Wasomaji kadhaa wanaokwenda Uingereza kusoma au kutembelea ndugu wametuandikia: wanataka kuiona nchi ile polepole, kwa baiskeli, mbali na barabara kuu. Haya ndiyo majibu yetu.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mwezi wa sita nakwenda kwa kaka yangu, Derby. Nibebe baiskeli yangu nyeusi ya breki za vyuma, au nitafute nyingine hukohuko?* (Msomaji, Mbale)

Iache Mbale, ndugu. Baiskeli hizi zinazotoka India huvaa tairi la 28 x 1½, ambalo hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Tairi utakaloliona katika karibu kila duka la huko ni la 700C, yaani milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini la namba moja halikai kwenye rimu ya namba nyingine. Likichanika kijijini siku ya Jumapili, safari imekwisha.

Breki nazo ni tatizo. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake, na manyunyu ya Uingereza yanaweza kuendelea kutwa nzima. Tafuta rimu za aluminiamu au breki za diski.

Kubwa kuliko yote ni gia. Vilima vya Derbyshire, mkoa ulipo mji wa Derby, ni vifupi lakini vimesimama wima. Kabla ya kukodi baiskeli, hesabu meno: katika gia nyepesi kabisa, ya mbele yasizidi ya nyuma, kwa mfano 34 kwa 34. Hapo kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2 na kidogo, nawe unapanda umeketi. Tairi liwe na upana wa milimita 32 hadi 40. Yale membamba ya mashindano yatakuchosha mikono. Karia na madigadi visikosekane. Mzigo usizidi kilo 10, ugawe sawa kulia na kushoto, vizito viwe chini. Mkoba wa mgongoni usivae kabisa: unatoa jasho, na uzito wote unashukia kwenye tandiko.

*Mhariri, nitajuaje njia ninayoruhusiwa kupita? Nimesikia mashamba ya watu yamepitiwa na vijia kila upande.* (Mama mwanafunzi, Jinja)

Ni kweli, dada, lakini si kila kijia ni cha baiskeli. Tazama rangi ya mshale kwenye nguzo. Wa manjano ni wa waendao kwa miguu peke yao, hapo usiendeshe. Wa buluu ni njia ya farasi, na sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kuitumia, kwa sharti kwamba wawapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Wa zambarau na mwekundu nazo zinaruhusiwa, ila kwenye mwekundu unaweza kukutana na magari. Ukimfikia farasi kwa nyuma, usipige kengele karibu naye. Toa sauti ukiwa mbali, sema “Hello”, kisha mpite taratibu ukimwachia nafasi. Farasi akishtuka anaweza kumwangusha aliyempanda. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Lililokuwa wazi, liache wazi.

Kuna pia mtandao wa taifa wa njia za baiskeli, National Cycle Network, wenye vibao vya buluu na namba. Namba iliyo kwenye kisanduku chekundu ni ya njia kuu ya taifa. Njia hizo ni nzuri, ila baadhi ya vipande vyake ni udongo mtupu ambao mvua huugeuza tope.

Sisi tunapenda zaidi barabara ndogo za lami, zile zinazochorwa kwa manjano kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa. Nunua Landranger, yenye jalada la waridi: sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya njia. Angalia vishale vilivyochorwa kukatiza barabara. Kishale kimoja maana yake ni mteremko wa asilimia 14 hadi 20, viwili ni zaidi ya 20, na ncha huelekea kunakoshuka. Panga njia ya siku nzima jioni iliyotangulia kwa kuvikwepa hivyo, na utafika bila kukokota baiskeli. Magari huko hupita kushoto kama Uganda, kwa hiyo huna cha kujifunza upya, isipokuwa kwamba vibarabara vya Devon, mkoa wa kusini-magharibi, ni vyembamba mno, vina kingo za miti ndefu (ua wa miti kando ya barabara), na trekta linaweza kutokea kwenye kona. Punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona.

*Je, kilomita ngapi kwa siku zinatosha?* (Msomaji, Arua)

Hamsini, na siku ya kwanza 30. Mwezi wa sita mwanga si tatizo: London jua hutoka kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Mwezi wa 12 mwanga ni kama saa 8 tu, hivyo beba taa: nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ndivyo sheria inavyotaka usiku. Upepo mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Anzia magharibi uelekee mashariki. Ndiyo maana wengi wanaovuka nchi, kama kilomita 225 kutoka Whitehaven, pwani ya magharibi, hadi Tynemouth, pwani ya mashariki, huanzia Whitehaven.

Kwa anayeanza, reli za zamani zilizong'olewa na kugeuzwa njia za baiskeli ndizo bora. Treni za mvuke hazikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia zake zilichongwa kwa mwinuko mdogo. Tissington Trail, huko Derbyshire, kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, ni kilomita 21. Hupanda polepole kuelekea kaskazini. Nenda asubuhi, urudi ukiteremka.

*Shangazi atanipa Raleigh yake ya zamani yenye gia 3 za Sturmey-Archer, zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Anasema pedali huzunguka bure ghafla.* (Msomaji, Entebbe)

Usiisimamie pedali kabla hujairekebisha, utajiumiza. Kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna mahali ambapo gia haishiki, na waya ukilegea unaipeleka hapo. Weka gia kwenye 2. Chungulia tundu la nati ya ekseli upande wa kulia: bega la kijiti chenye mnyororo mdogo lilingane na mwisho wa ekseli. Kama sivyo, legeza nati ndogo ya kufungia, zungusha kirekebisho hadi vilingane, kisha kaza na ujaribu gia zote 3. Unapobadilisha gia, acha kukanyaga kidogo. Ikiendelea kuteleza hata baada ya hapo, vyuma vya ndani vimelika, mpelekee fundi. Kama kitovu kina kofia ya mafuta, tia matone machache ya mafuta mepesi, si grisi.

*Miiba ipo huko?* (Msomaji, Fort Portal)

Ipo, hasa kuanzia mwezi wa 9. Wakulima hawaruhusiwi kukata kingo za miti kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, ndege wanapotaga. Ukataji ukianza, miiba ya hawthorn, mti wa miiba unaopandwa kwenye kingo hizo, hutapakaa barabarani. Ukipata pancha, pima umbali wa tundu kutoka kwenye valvu, kisha utafute mwiba mahali hapohapo kwenye tairi, ndani. Mara nyingi umekatikia humo, na usipoutoa utatoboa tyubu tena baada ya dakika chache. Pitisha kitambaa badala ya kidole, kitanasa. Solusheni ipake nyembamba, uiache kama dakika 5 hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Kinachobandikwa kikiwa majimaji hubanduka. Valvu nyembamba ya huko ina nati ndogo nchani: ilegeze kwanza, la sivyo upepo hauingii.