Muuzaji anasema pikapu ya Ford F-150 inatosha kuvuta trela yetu, ni kweli?

SWALI: Salamu mhariri. Niko Dallas, Texas, na mke wangu na watoto watatu, wameshakuwa wakubwa hao. Tunataka kununua trela ya kulala, ile ya kufunga nyuma ya gari, tuwe tunaenda nayo Colorado shule zikifungwa. Tuliyoipenda karatasi inasema ikiwa tupu ni paundi 6,000, ikishapakiwa isizidi 7,600. Muuzaji anasema F-150 inavuta mpaka paundi 11,000 kwahiyo niondoe wasiwasi, washkaji nao wananiambia bila F-350 ya dizeli, ile pikapu kubwa zaidi ya Ford, nitalia njiani. Nimsikilize nani? – Baba Watatu

JIBU: Baba Watatu, kabla ya kumsikiliza yeyote fungua kwanza mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo kuna stika ya njano na nyeupe inayosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi ngapi, na hiyo ndo namba ya kununulia gari. Ile 11,000 ni ya kuvuta tu, na pikapu ndogo mara nyingi inashindwa kwenye kubeba muda mrefu kabla haijashindwa kuvuta.

Tupige hesabu yako. Ile 6,000 isahau kabisa, hakuna mtu anasafiri na trela tupu, ukishaweka maji, gesi, vyombo, magodoro na baiskeli za watoto we hesabu 7,600 moja kwa moja. Trela ya aina hii inalalia gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, na hiyo inaingia kwenye hesabu ya stika, tuchukue 13, hapo ni karibu paundi 990. Kifungio chenyewe na vyuma vyake vya kugawa uzito weka 100, nyie watano tuseme 800, mabegi na vyakula 200. Jumla 2,090. Sasa F-150 nyingi za familia, zile za milango minne zenye kila aina ya urembo, stika inasoma kama 1,400 mpaka 1,800, na urembo wote huo umeshapunguza humo humo. Haitoshi. Na tafadhali asije mtu akakushauri usogeze mizigo nyuma ya trela ili gari ipate nafuu, mbele ikiwa nyepesi trela inaanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa, na watu wanapinduka hivyo kweli.

Kwahiyo panda daraja moja: F-250, Ram 2500 au Silverado 2500HD. F-350 kwa trela hii sioni sababu, gari inakuwa ngumu tu ukiwa huna mzigo.

Dizeli je? Hapo washkaji zako wana hoja nusu. Injini ya dizeli inaongeza kama dola elfu 10 au zaidi kwenye bei, ina maji yake ya urea na filta, vyote vya kusafisha moshi na vinataka kuhudumiwa, halafu ni nzito, na uzito huo unakatwa kwenye kile unachoruhusiwa kubeba, ndo maana unakuta F-250 ya petroli namba ya stika yake ni kubwa kuliko ya mwenzake wa dizeli. Ila milimani dizeli ni raha. Kwenye barabara kuu ya I-70 huko Colorado, handaki la Eisenhower liko juu futi zaidi ya 11,000, na hewa huko ni nyepesi, petroli isiyo na tabo (ile turbo ya kusukuma hewa ndani ya injini) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, ukifika juu theluthi imeondoka, wakati dizeli ina tabo, na kwenye kushuka ina breki ya moshi inayokuzuia bila kuchoma breki za magurudumu. Kama Colorado ni mara moja kwa mwaka mimi ningechukua petroli, nikapanda taratibu na kushuka na gia ndogo. Kama mtakuwa mnaishi barabarani, dizeli.

Ukishanunua, pakia kila kitu na familia yote ndani, pitia mizani kwenye kituo cha malori, gharama yake ni ndogo tu, uone uzito wa kila ekseli. Hakikisha kidhibiti cha breki za trela kinafanya kazi. Na soma tairi za trela, baadhi mwendo wake wa mwisho ni maili 65 kwa saa, kwahiyo hata kama kibao cha njia ya Amarillo kinasema 75, wewe kaa kulia waache wapite.