Kijiji Kilichozaliwa Kambini: Ushauri kwa Anayetaka Kuanza na Nyaraka na Masimulizi

Vijiji vingi vya ukanda wa mkonge mkoani Tanga, kuanzia Muheza hadi Korogwe na kuendelea kuelekea Mombo, vina tatizo ambalo miradi ya maendeleo hailigusi. Vijiji hivi vilizaliwa kambini. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji kwa ajili ya kazi, na kazi ilipopungua wakabaki na wajukuu zao katikati ya mitambo iliyokufa na mashamba yaliyogeuka vichaka. Mtoto anayezaliwa hapo hukua akiambiwa kwamba kwao ni mahali asipowahi kufika, na mtu anayejihesabu kuwa mpita njia hapandi mwembe, hajengi nyumba ya kudumu, wala haoni sababu ya kwenda kwenye mkutano wa kijiji. Kwa miaka kadhaa nimeshiriki kukusanya nyaraka na masimulizi katika kijiji chetu, ambacho ni kimojawapo cha vijiji hivyo wilayani Korogwe, na ninaamini kwa dhati kwamba kazi hii inaweza kukiamsha kijiji, mradi ianzie kwenye shida ya leo na wala si kwenye fahari ya jana.

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza huwa tayari wamefikiria chumba cha makumbusho, picha ukutani na siku ya uzinduzi. Ninawasihi waache hayo kwanza. Sisi tulianza na maji. Katika mkutano mmoja, akina mama walipokuwa wakilalamikia umbali wa kisima, bibi mmoja aliyeletwa na baba yake kutoka Kasulu akiwa mtoto alisema kwamba zamani maji ya kambi yalishuka yenyewe kutoka mlimani bila injini. Vijana hawakumwamini, lakini maneno yake yalikuwa na mantiki kwa yeyote anayeifahamu kazi ya mkonge: korona, yaani mtambo wa kusindika majani, haiwezi kutoa singa (nyuzi za mkonge) safi bila maji mengi yanayotiririka wakati wote, kwa hiyo palipokuwa na korona palikuwa na chanzo cha maji cha kuaminika. Tuliomba ruhusa ya kupekua makaratasi yaliyobaki katika ofisi ya zamani ya shamba, na humo tukapata ramani iliyoliwa na mchwa upande mmoja, yenye mstari wa buluu unaotoka kilimani hadi kwenye tangi la korona. Bibi alitutangulia hadi chini ya mti alioukumbuka, na ramani ikatuonyesha mahali pa kufyeka. Chanzo kilikuwepo. Kilisafishwa kwa nguvu za wanakijiji, na barua tuliyowaandikia wahandisi wa maji wa wilaya iliambatanishwa na nakala ya ramani ile, jambo lililofanya ombi letu lisomwe kwa uzito tofauti kabisa na malalamiko ya miaka iliyotangulia.

Kuanzia hapo hatukuhitaji kumbembeleza mtu. Watu walikuwa wameona kwamba karatasi peke yake isingetufikisha, na kumbukumbu ya bibi peke yake isingeaminiwa. Ndiyo maana nashauri mambo haya mawili yasitenganishwe: kila waraka upelekwe kwa mtu anayeweza kuusimulia, na kila simulizi litafutiwe waraka wa kulithibitisha au kulisahihisha.

Kuhusu mahali pa kutafuta, anzeni nyumbani. Katika masanduku ya bati ya wazee wetu tulikuta vipande vya kazi, kadi za chama cha wafanyakazi, risiti za baiskeli, picha za studio zilizopigwa Korogwe mjini, na barua kutoka kwa ndugu waliobaki Songea. Kipande ni kadi yenye visanduku 30, na kila siku ya kazi iliyokamilika iliwekewa alama. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Ninacho kimoja mbele yangu ninapoandika. Alama zake zimepigwa kwa penseli ya rangi, mfululizo wa siku tano, kisha nafasi tupu, kisha siku mbili, kisha nafasi tupu ndefu zaidi. Mwenye kadi alipoulizwa kuhusu nafasi hizo alieleza homa aliyougua mwaka ule, mke aliyemkatia mkonge kwa siri ili kadi isichelewe kujaa, na jirani Mmakonde aliyemletea uji kila asubuhi, na jirani huyo ndiye aliyekuja kuwa mkwe wake. Kipande kimoja kilitupa historia ya koo mbili, na wajukuu zao walikuwa wamekaa chini wakisikiliza habari ambazo hawakuwahi kuambiwa.

Baada ya nyumbani, nendeni ofisi ya kata na shule ya msingi, ambako vitabu vya kumbukumbu vya walimu wakuu mara nyingi hueleza njaa, mafuriko na magonjwa vizuri kuliko ripoti yoyote. Msikisahau kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni wilayani Muheza, kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya mkonge. Jijini Dar es Salaam, Kumbukumbu za Taifa zinahifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani na Waingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya. Mnapokwenda huko, nendeni na swali moja lililo wazi na majina ya maeneo yalivyoandikwa enzi hizo, kwa sababu majalada yamepangwa kwa utaratibu wa ofisi zilizoyaandika, na mtu anayeomba «historia ya kijiji chetu» atarudi mikono mitupu.

Kuna faida nyingine ya kuijua historia kubwa ya mkonge nchini ambayo sikuitarajia. Wazee wetu wengi walikuwa wamejibebesha lawama, wakiamini kwamba shamba lilikufa kwa sababu ya uvivu wao au wa watoto wao. Tulikaa nao tukapitia mambo kwa mpangilio: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza vikonyo (miche michanga) vya mkonge kutoka Florida, vikafika 62 tu vikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1944 iliundwa Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri na kusafirisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za singa na kuongoza duniani, kisha kamba za nyuzi za viwandani zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miaka 30 baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu ya kumi ya kiwango kile. Mzee mmoja aliyekuwa mkataji maarufu aliomba tumsomee takwimu za bei mara ya pili, akanyamaza, kisha akasema kwamba amemgombeza mwanawe bure. Vijana nao walishangaa kusikia kwamba mkonge chotara namba 11648, uliotokana na utafiti uliofanyika mkoani mwao, umeenea hadi China. Baadhi yao sasa wamejiunga na wakulima wadogo wanaopanda mkonge upya, na wanakwenda kwa wazee kuuliza nafasi za mistari na dalili za jani lililokomaa.

Mnapowahoji wazee, msiwaombe wasimulie historia, kwa maana watawapa hotuba ya sikukuu. Wapeni kitu mkononi, panga la kukatia, singa, picha au kipande, kisha ulizeni kuhusu siku moja: uliamka saa ngapi, ulikula nini, nani alihesabu matita yako, mvua iliponyesha mlifanya nini. Akina mama wahojiwe peke yao, wakati unaowafaa, tena na mwanamke mwenzao. Katika rejista za shamba hawaonekani sana, ilhali walianika singa, walilima vishamba vilivyoilisha kambi, walizalishana na kuzikana, na wanajua mipaka ya ujirani ambayo hakuna ramani iliyoichora.

Yako pia mambo ya kushika kwa uangalifu mkubwa. Baadhi ya wanyapara walikuwa wakatili, na watoto wao ni majirani zetu. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ukatili usimuliwe bila kufichwa, lakini jina la mtu lisitajwe hadharani kabla familia yake haijasikilizwa faraghani. Vitabu vya zahanati ya shamba tuliviacha vimefungwa, kwa kuwa magonjwa ya watu si maonyesho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inapaswa kujulikana na kila anayekusanya habari za watu. Zito kuliko yote ni ardhi. Ramani ya zamani inaweza kuwasha mgogoro kwa jioni moja, hasa pale ambapo shamba, kijiji na mwekezaji wanadai eneo lilelile. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua karatasi ya kwanza, pelekeni jambo hili kwenye halmashauri ya kijiji na baadaye mkutano mkuu, elezeni mnachotafuta, na ramani yoyote yenye mipaka ikabidhiwe serikali ya kijiji ili ishughulikiwe kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nimeona mahali pengine kundi la vijana wenye nia njema likishukiwa kuwa madalali, na kazi yao ikafa kabla ya mavuno.

Jioni za masimulizi zilikuja baadaye, nasi tulizifanya mwisho wa mwezi kwenye uwanja wa mbele ya korona ya zamani. Wangoni walicheza lizombe, Wamakonde wakacheza sindimba, na kati ya ngoma na ngoma mzee mmoja alisimulia safari yake ya kuja, kwa muda usiozidi robo saa, huku kijana akionyesha waraka au picha inayohusika. Muda huo mfupi ni muhimu, kwa sababu watoto hawaondoki kabla ya mwisho, na mzee hachoki.

Kilichobaki ni utunzaji, na hapa miradi mingi hufa kimyakimya. Nyaraka halisi ziachwe kwa wenyewe. Pigeni picha kwa simu mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, na kila picha ipewe jina la mwenye waraka, mahali na tarehe siku hiyohiyo. Nakala zikae sehemu tatu tofauti, mojawapo ikiwa shuleni. Sauti zilizorekodiwa ziandikwe kwenye daftari hata kwa muhtasari, kwa kuwa simu hupotea. Na wateueni watu wawili wa kutunza funguo za kabati, mmoja mzee na mmoja kijana, wote wakiwa wamechaguliwa na mkutano wa kijiji na kutoa taarifa mbele yake kila robo mwaka pamoja na taarifa ya mapato na matumizi.